Vifaranga wa Bi Mwatumu

Timotheo alisikia kitu kikikwaruza chini ya gurudumu la nyuma, kisha guta lake la magurudumu matatu likayumba kidogo na kutulia. Alikuwa akilirudisha kinyumenyume katika kichochoro cha nyumba ya Bi Mwatumu, kule Pongwe, limejaa matofali ya saruji ya mteja aliyekuwa amekwisha kumpigia simu kuuliza amefikia wapi. Akazima injini, akashuka, akainama. Kuku alikuwa amelala ubavu, bawa moja limefunguka, na vifaranga wake wametawanyika mchangani wakilia.

Alimjua yule kuku. Mtaa mzima ulimjua. Alikuwa wa mbegu ya kuchi, mwekundu, mrefu wa shingo na miguu, anayetembea kama mtu anayekagua shamba lake. Marehemu Msafiri, mume wa Bi Mwatumu, alifuga kuchi tangu ujana wake, na watu walikuwa wakitoka Usagara hata Muheza kuja kuwatazama tu. Alipofariki, kideri, ule ugonjwa wa kuku, kikapita mtaani, kikawamaliza wote kasoro yule mmoja. Bi Mwatumu akamtafutia jogoo kwa mpwa wake, akamlalisha juu ya mayai chini ya kitanda chake mwenyewe, na juzi vifaranga wakatoka. Tangu hapo hakuna aliyepita mlangoni pake asiitwe kuja kuwaona.

Timotheo aliwaza kubisha hodi. Lakini wiki iliyopita Bi Mwatumu alimsimamisha mahali hapo hapo akamwambia, "Timo mwanangu, punguza mwendo hapa. Kuna watoto, kuna kuku." Naye akacheka, akamjibu kuwa kuku wa Pongwe wana akili kuliko madereva. Sasa maneno yale yalimrudia. Akasikia ndala zikiburuzwa ndani ya ua. Kabla hajajua anafanya nini, alikuwa amemshika kuku miguu, amevuka mfereji, na kumtupa katika mikonge iliyoota nyuma ya nyumba ya mzee Edgar. Akarudi mbio, akafukia damu kwa mchanga akitumia kisigino.

Bi Mwatumu akatokea, mkononi ana bakuli la chenga za mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona watoto wako peke yao? Hujamwona mama yao?"

"Sijamwona, mama. Labda kicheche."

Hakuna aliyekuwa amemtaja kicheche. Bi Mwatumu akasimama akitazama huku na huku, akamwita kuku wake kwa ile sauti ya kumwita, mara ya kwanza kwa utulivu, kisha kwa haraka haraka. Vifaranga ndio walioitika. Walimkimbilia miguuni, wakajibana kwenye upindo wa kanga yake.

Timotheo alipeleka matofali, akayashusha, akalipwa, na njia nzima ya kurudi hakusikia injini. Alisikia vifaranga. Alipopita tena aliwakuta wamo ndani ya sufuria kubwa la pilau, maana Bi Mwatumu alikuwa mpishi wa harusi na vyombo vikubwa ndivyo alivyokuwa navyo. Amewafunika kwa kitambaa. Mmoja alikuwa amekwisha kufa.

"Wanatetemeka," Bi Mwatumu akasema. "Nimewapa maji, nimewapa chakula, hawataki. Wanatetemeka tu."

"Hawana joto, mama. Maji na chakula vinafuata baadaye." Akasita. "Niachie mimi. Nitawatengenezea mahali."

Mama yake Timotheo alizaa na kulea katika kambi ya mashamba ya mkonge, na huko alikuwa akilea vifaranga waliopoteza mama zao, kwa chungu na majivu. Timotheo alikumbuka sehemu kubwa ya kazi ile, iliyobaki akaibuni. Alichukua mabati mabovu yaliyobaki kwenye ujenzi wa choo chake, akayakunja yakawa duara, akayafunga kwa waya, akayasimamisha katika jiko la nje la Bi Mwatumu ambalo halikuwa likitumika siku zisizo za harusi. Duara, kwa sababu kwenye kona vifaranga hurundikana na kukanyagana. Chini akamwaga maranda kutoka kwa fundi seremala, juu ya maranda akatandika magunia. Katikati akaweka matofali matatu, na juu yake chungu cha mkaa uliokolea, umefunikwa kwa majivu ili usiishe haraka, mfuniko wake umetobolewa matundu. Akazungushia chungu wavu ili asiungue kifaranga. Juu akaning'iniza balbu kwa zile saa ambazo umeme ungekuwepo, akafunika nusu ya duara kwa gunia na kuacha nusu wazi. Dirisha la jiko akalifungua, akamwonya Bi Mwatumu asilifunge hata upepo ukivuma, maana moshi wa mkaa usioonekana huua kimya kimya.

"Watu wa kuku wa kisasa wanaiita bruda," akamwambia.

"Mimi naiita rehema," Bi Mwatumu akajibu.

Alimfundisha kuwatazama. Wakijirundika karibu na chungu, wana baridi, ongeza mkaa. Wakikimbilia kwenye bati na kuachama midomo, wamezidiwa, funua gunia. Wakitawanyika na kudonoa huku na huku, waache, wako sawa. Bi Mwatumu aliinama akawaona wanatawanyika, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaotoka kwenye mvua na kukuta baraza. Mmoja alipanda juu ya tofali akalala, macho yamefumba. Bi Mwatumu akashika mkono wa Timotheo kwa mikono yake miwili. Timotheo akauchomoa taratibu, akajifanya anachochea mkaa.

Tangu siku hiyo Timotheo alipita pale alfajiri kabla ya kazi na jioni baada ya kazi. Alileta mkaa mwenyewe. Alipekecha mahindi yakawa laini, akaweka kokoto kwenye visahani vya maji wasije wakazama. Wawili wakafa hata hivyo, wale walioshikwa na baridi siku ya kwanza, na kila mmoja alimzika mwenyewe, mbali na macho ya Bi Mwatumu, akijua jumla ya waliokufa kwa mkono wake inaongezeka. Waliobaki wakaanza kuota vijinyoya vya mabawa.

Siku moja aliporudi kazini alikuta watu wamesimama nje ya nyumba ya mzee Edgar.

Mzee Edgar alikuwa mlinzi mstaafu wa ghala, mtu wa maneno machache, mjane asiye na watoto, na macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Aliishi na mbwa jike wa rangi ya mchanga aliyemwita Doria. Edgar akienda kanisani, Doria alitangulia hatua chache mbele, akifika penye shimo anasimama, na Edgar anajua hapo kuna shimo. Majirani wengi hawakumpenda yule mbwa, lakini hawakuwa na la kumshtaki.

Siku hiyo walikuwa nalo. Doria alikuwa ameonekana uani kwake na bawa jekundu mdomoni, na manyoya mekundu yametapakaa hadi kwenye mikonge. Bi Mwatumu alisimama mbele ya wote, kanga imemteleza kichwani.

"Bwana Edgar, mimi na wewe tumekaa mtaa huu tangu hakuna umeme. Sijawahi kuja kwako kwa shari. Lakini huyu mbwa wako amekula kuku wa Msafiri."

"Doria hagusi kuku," Edgar akasema. "Analala na bata wangu."

"Bawa alilitoa wapi?"

Mwenyekiti wa mtaa alikuwepo, akasema kwa upole kwamba mnyama akishaonja ataendelea, na watoto wako wengi hapa. Timotheo alisimama nyuma, pembeni ya guta lake. Watu waliokuwa mbele yake hawakufika watano. Angeweza kusema maneno manne tu, na maneno yale yalifika hadi kwenye meno. Kisha Bi Mwatumu akageuka, akamwona, akawaambia watu, "Huyu hapa mwanangu Timo ndiye aliyewaokoa watoto wake. Bila yeye wangekwisha wote." Watu wakamtazama. Akatazama chini.

Mwishowe Edgar akasema, "Kama nimefuga mwizi, sitamtetea." Jumapili iliyofuata mpwa wake Kristofa alishuka kutoka Amani, kule milimani, akamchukua Doria kwa kamba. Loveness, mke wa Timotheo, aliwaona wakiondoka. Alisema mbwa alikuwa akigeuka nyuma kila baada ya hatua chache, na Edgar amesimama mlangoni akitazama upande ambao mbwa hakuwako.

Wiki ile Edgar hakwenda kanisani.

Sifa za Timotheo zilizidi kuenea. Bi Mwatumu alizitangaza jikoni kwenye harusi, akawaambia wanawake wenzake kuwa ana mtoto Mluteri ambaye hata wa kumzaa asingemfanyia vile. Alimpelekea Loveness sinia la pilau. Loveness alirudi kutoka ibada ya jumuiya akiwa amechangamka, akamkuta Timotheo anakula.

"Leo wamekutolea mfano, baba watoto. Mzee wa kanisa amesema ujirani ndio ule."

Timotheo akaweka kijiko chini. "Mimi ndiye niliyemkanyaga."

"Nani?"

"Kuku. Kwa guta. Nikamtupa kwenye mikonge."

Loveness alimtazama mpaka ile furaha ikamtoka usoni yote. "Na mzee Edgar?"

Timotheo akasukuma sahani pembeni.

"Usinieleze mimi," Loveness akasema, akaondoa sahani. "Mimi si mwenye kuku, wala si mwenye mbwa."

Hakumwuliza tena. Lakini tangu siku hiyo, Timotheo alipochukua kikapu cha mkaa kwenda kwa Bi Mwatumu, Loveness aliacha alichokuwa akifanya na kumtazama mpaka atoke. Akirudi alimtazama tena, akaelewa kuwa bado, akaendelea na kazi zake.

Mvua kubwa ilianza alfajiri moja na umeme ukakatika. Timotheo alikuta jiko la nje linavuja, maranda yamelowa upande mmoja, na mkaa wa chungu umezimika kwa matone. Vifaranga walikuwa wamejirundika kama ngumi. Alikokota duara hadi pakavu, akabadilisha maranda, akawasha mkaa mpya, huku Bi Mwatumu amewabeba wale dhaifu ndani ya kanga, kifuani. Mmoja alikuwa amelegea shingo. Bi Mwatumu alimpulizia pumzi ya joto kati ya viganja, kidogo kidogo.

Hapo ikasikika hodi. Alikuwa mzee Edgar, amelowa, mkono mmoja unapapasa ukuta. Mkono wa pili ulishika taa ya chemli, kioo chake kimefutwa kikang'aa.

"Nimesikia umeme umekatika," akasema. "Nikawaza hawa watoto. Taa hii ni ya siku za ulinzi wangu, haivuji. Ukiining'iniza juu inatoa joto usiku kucha." Akaiweka chini taratibu. "Najua si fidia, Bi Mwatumu. Nilisema Doria hagusi kuku, nikakubishia mbele ya watu. Nisamehe kwa hilo."

"Yamekwisha, Bwana Edgar."

"Nani huyo mwingine?"

"Ni mimi, mzee," Timotheo akasema. "Shikamoo."

"Marahaba. Wewe kijana unafanya kazi njema. Washa hiyo taa, mimi sioni pa kutia kiberiti."

Timotheo aliwasha. Njiti ya kwanza ilimvunjikia mkononi, ya pili ikazimika. Edgar alisubiri ya tatu, akasikia utambi umeshika, akaaga. Walimwona akivuka kichochoro akipima kila hatua kwa mguu kabla hajaukanyagia. Kwenye mfereji alisimama muda mrefu, mvua inampiga, hajui ubao wa kuvukia uko upande gani. Timotheo alitoka mbio, akamshika mkono, akamvusha, akarudi.

Bi Mwatumu alikuwa amemweka yule kifaranga karibu na chungu. Kifaranga alikuwa ameanza kuinua shingo. "Ukimpa mtu mkono, Mungu naye akupe wake," akamwambia Timotheo. "Katika mtaa huu hakuna mtu mwingine ambaye..."

"Mama, usiendelee."

"Nini?"

"Doria hakumla kuku. Alimwokota. Mimi nilimkanyaga na guta, asubuhi ile uliponiuliza. Nikamtupa kule kwa mzee Edgar. Damu nilifukia pale ulipokuwa umesimama."

Mvua iliendelea kupiga bati. Bi Mwatumu alikaa juu ya kinu, polepole, kama anayeangalia asimwage kitu.

"Ulipokuja na mabati ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na siku ile kwa Edgar ulikuwepo."

"Nilikuwepo, mama."

"Nilipokuwa nakusifu."

Timotheo akarudisha mfuniko wa chungu mahali pake.

"Kuku ningelia siku mbili, nikanyamaza," Bi Mwatumu akasema. "Ni kuku. Msafiri mwenyewe alikufa na bado nikala chakula. Lakini wewe umenifanya nimdhulumu mtu. Nimesimama mlangoni kwa mtu asiyeona vizuri, nikamwondolea macho yake, na nikashukuru. Sasa hii dhuluma mimi nitaijibu wapi?"

"Ni yangu, mama, si yako."

"Mdomo ulikuwa wangu."

Akainuka, akavaa baibui juu ya nguo zilizolowa, akatoka. Timotheo akamfuata. Hakumgeukia njia nzima.

Kwa Edgar hakukaa. Alisimama katikati ya chumba, maji yanamchuruzika, akasema, "Bwana Edgar, mbwa wako hakukosa. Mimi ndiye niliyepaza sauti, kwa hiyo mimi ndiye wa kwanza kuomba radhi. Wa pili huyu hapa, atakueleza mwenyewe." Timotheo akaeleza, hakuacha kitu. Edgar alisikiliza amegeuza uso kuelekea kwenye pembe ya chumba, ambako bado kulikuwa na bakuli la bati lililopinduliwa.

"Nilimwambia Doria mwizi," Edgar akasema mwishowe. "Nilimwambia hivyo nikimfunga kamba."

Timotheo akasema atakwenda Amani kumleta, leo leo. Alimwomba Edgar wapande wote. Edgar akakataa. Lakini alikwenda chumbani, akatoka na shati lake kuukuu la kazi, akamkabidhi. "Hatakufuata wewe. Atafuata hili."

Kupanda Amani kwa guta wakati wa mvua ni kazi ya siku nzima. Barabara ilikuwa tope jekundu, na mara mbili Timotheo alishuka akasukuma. Juu kule msituni ukungu ulikuwa umekaa chini chini na baridi iliingia hadi kwenye mifupa. Kristofa alikuwa ametoka kuchuma iliki. Aliposikia habari hakusema sana. Alimwongoza nyuma ya nyumba.

"Hali kitu," akasema. "Nampikia hata dagaa. Anakaa anatazama njia."

Doria alikuwa amekonda, mbavu zinahesabika, na kamba imemchubua shingoni. Alimwona Timotheo asiinuke. Timotheo akachuchumaa, akalinyoosha lile shati. Mbwa alilinusa, akainuka akitetemeka mwili mzima, akaingiza kichwa kwenye mkono wa shati na kubaki humo. Njia yote ya kushuka alikaa kwenye guta nyuma ya Timotheo, amemwegemea mgongoni kwa sababu ya baridi, na joto lake likapenya koti. Timotheo aliendesha polepole kuliko alivyowahi kuendesha. Alitamani mbwa yule angemng'ata.

Edgar alisikia guta likizimika, akafungua mlango. Hakuita jina, alipiga ulimi tu, na Doria akaruka. Edgar akapiga magoti palepale kizingitini, akampapasa mgongo, mbavu, shingo. Vidole vilipofika kwenye kidonda cha kamba vilisimama.

"Mzee, kesho nitaleta dawa ya hicho kidonda," Timotheo akasema.

"Dawa nitatafuta mwenyewe," Edgar akajibu, akaingia na mbwa wake, akafunga mlango.

Habari zilienea, kwa sababu Bi Mwatumu alizieneza. Alikwenda kwa mwenyekiti, akawakusanya wale wale waliokuwepo, akawaambia alivyokosea na aliyemkosesha. Hakuongeza chumvi wala kupunguza. Kanisani mzee aliyemtolea Timotheo mfano alimpa mkono haraka haraka, akapita. Wateja wawili watatu walimtania kuhusu kuku, akacheka nao, akirudi nyumbani hali chakula. Loveness tu ndiye aliyekuwa mwepesi zaidi kwake kuliko siku zile za sifa. Alimchemshia chai yenye tangawizi bila kuombwa, akakaa naye.

Siku iliyofuata safari ya Amani, Timotheo alichukua kikapu cha mkaa, akasimama nje ya ua wa Bi Mwatumu, asijue kama apige hodi. Bi Mwatumu alimwona kupitia upenyo wa mlango.

"Ingia," akasema. "Wewe umenikosea, wao hawajakukosea. Wana baridi."

Akaingia. Akachochea chungu, akabadilisha maji. Bi Mwatumu hakumletea kahawa kama zamani, wala hakumhadithia juu ya harusi. Alikaa upande wa pili akichambua mchele, na kilichosikika ni vifaranga peke yao. Ikawa hivyo kila siku. Siku zilivyosonga alipunguza mkaa, kisha akauacha usiku tu, kisha akaondoa na gunia la juu. Vifaranga walikuwa wamevaa manyoya, shingo zimeanza kurefuka, na mmoja, jogoo bila shaka, alisimama juu ya bati akimkodolea jicho moja kila alipoingia.

Ikafika asubuhi ambayo hawakuhitaji moto tena. Timotheo alizoa majivu, akafungua waya, akayalaza mabati ukutani. Vifaranga walitoka wote kwa pamoja, wakatapakaa uani, wakaparua mchanga wa jua.

"Wako salama sasa, mama," akasema.

"Naona."

"Nije kuwatazama mara moja moja?"

Bi Mwatumu aliwamwagia vifaranga chenga, konzi moja, na nyingine. Alifikiri kwanza.

"Taa ya Edgar imebaki humu," akasema. "Mrudishie, na umwombe radhi kwa mara nyingine. Ukitoka huko, pita hapa, uniambie amekujibu nini."

Timotheo akakifuta kioo cha taa kwa pindo la shati, akavuka mfereji. Mlango wa Edgar ulikuwa wazi na Doria amelala kizingitini. Timotheo alisimama hatua chache nje akiwa ameishika taa, akapiga hodi, akangoja.